Mtu wetu akifia Nyamuswa, nani ataigawa mirathi yake?



Ni vigumu kuipata familia ya Unguja au Pemba isiyokuwa na mtu wake bara. Wengi wao ni wafanyabiashara. Hawakuishia Dar es Salaam, Tanga na Arusha tu. Wamefika hadi miji midogo ambayo wengi wetu huku visiwani hatujawahi kuisikia. Mmoja wapo ni Nyamuswa, katika Wilaya ya Bunda, Mkoa wa Mara, ardhi ya Waikizu, baina ya Ziwa Viktoria na mbuga ya Serengeti. Hapo ndipo inapoanzia barabara ipitayo Bunda hadi Kisorya, penye njia ya kwenda kisiwa cha Ukerewe. Panapopita barabara, duka hufuata, na mara nyingi mwenye duka ni kijana wa Kipemba.

Tumeuchagua mji huo kwa makusudi, kwa sababu uko mbali na sisi kwa kila hali. Waislamu katika vijiji vingi vya Mara ni wachache. Mahari ya jamii nyingi za mkoa huo ni ng'ombe. Hakuna Mahakama ya Kadhi yenye nguvu ya dola. Mtu wetu akifia huko, ndipo tunapojua kama mambo yake aliyapanga au aliyaacha yapangwe na wengine.

Tumchukue mtu wa mfano, ambaye wasomaji wengi watamtambua bila ya kutajiwa jina. Ameondoka Wete akiwa kijana, akafungua duka Nyamuswa, akapata. Huku kisiwani ana mke na watoto wawili, mwanamme na mwanamke, na mama yake mzazi yu hai. Baada ya miaka akaoa mke wa pili kule kule, akapata naye mtoto mmoja wa kiume. Nyumbani walisikia tetesi, lakini hakuna aliyeambiwa waziwazi. Siku moja presha ikampanda, na kabla ya kufikishwa hospitali akafariki. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

Siku ya tatu ya msiba, Wete kaka wa marehemu anasema waende kwa Kadhi wakaandikishe warithi, na katika orodha yake yumo mke mmoja na watoto wawili. Siku hiyo hiyo Nyamuswa, shemeji wa marehemu ameushika ufunguo wa duka na anasema mali iliyochumwa hapa ni ya hapa. Kila upande una jambo moja la kweli, na kila upande umesahau haki ya mwengine. Makala hii ni kwa ajili ya familia hizo mbili, na zaidi kwa ajili ya mume ambaye bado yu hai na anaweza kulizuia jambo hili leo.

Nchi moja, sheria mbili

Wengi wetu tunadhani kwamba kwa kuwa Tanzania ni nchi moja, karatasi ya Kadhi wa Zanzibar inafanya kazi popote. Sivyo. Ndoa, talaka, mirathi na ardhi si mambo ya Muungano. Zanzibar ina Mahakama za Kadhi zinazoendeshwa kwa Sheria Namba 9 ya 2017, iliyochukua nafasi ya ile ya 1985. Kadhi wa huku husikiliza ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu, na hukumu yake ina nguvu ya dola. Ipo pia Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, ambayo familia nyingi zinaijua kwa kazi yake ya kusimamia na kugawa mirathi.

Bara mambo ni mengine. Mfumo wa mahakama uliposukwa upya mwaka 1963, mahakama za makadhi hazikubakia ndani ya mfumo wa dola. Madai ya kuzirudisha yamekuwa yakija na kuondoka kwa miaka mingi, na mwanzoni mwa 2015 muswada uliokuwa na kipengele cha kuutambua uamuzi wa Kadhi ulitolewa Bungeni bila ya kupitishwa. BAKWATA inao makadhi wake, na wanafanya kazi kubwa ya kusuluhisha na kufundisha. Lakini uamuzi wao unasimama kwa ridhaa ya wanaoukubali. Shemeji mwenye ufunguo wa duka akisema hakubali, Kadhi huyo hana askari wa kumtuma.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kulijua ni hili: bara, Sheikh anaweza kuhesabu mafungu kwa usahihi kabisa, lakini mwenye uwezo wa kumlazimisha mtu ayatoe ni mahakama ya Serikali. Anayeishia kwa Sheikh peke yake ameipata hesabu, bado hajaipata haki.

Mlango ni Mahakama ya Mwanzo

Baadhi ya ndugu zetu huiogopa mahakama ya bara kwa kudhani kuwa itaitupa Sharia. Khofu hiyo imekuwa na gharama kubwa, kwa sababu sheria yenyewe inasema vyengine. Mahakama ya Mwanzo, ile ya chini kabisa inayoendeshwa kwa Kiswahili, imepewa uwezo wa kusimamia mirathi ambayo sheria yake ni ya Kiislamu au ya kimila. Uwezo huo umo katika Jedwali la Tano la Sheria ya Mahakama za Mahakimu. Sharti lake ni kuwa marehemu, wakati anafariki, alikuwa na makaazi ya kudumu ndani ya eneo la mahakama hiyo.

Sharti hilo ndilo linalojibu suala la wapi pa kwenda. Mtu aliyeishi Nyamuswa miaka ishirini, akaja Wete Sikukuu mpaka Sikukuu, atahesabiwa kuwa makaazi yake ni Nyamuswa. Mirathi ya mali yake ya bara ifunguliwe katika Mahakama ya Mwanzo yenye mamlaka juu ya eneo hilo wilayani Bunda. Nyumba na mikarafuu yake ya Pemba ipitie mamlaka za Zanzibar. Tusitegemee karatasi moja ya Wete kwenda kuhamisha kiwanja Bunda au kufungua akaunti ya benki Musoma. Maofisa wa huko watataka waraka wa mahakama ya huko.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Kwanza kifo kisajiliwe na cheti kipatikane. Kwa bara ni kupitia RITA na ofisi ya wilaya, na sheria inataka kifo kisajiliwe ndani ya siku 30. Kisha familia hukaa kikao, huandika muhtasari, humpendekeza msimamizi wa mirathi, na msimamizi huyo hupeleka maombi mahakamani. Mahakama hutoa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze. Akishateuliwa, msimamizi ana miezi minne ya kupeleka mahakamani orodha kamili ya mali na madeni, labda mahakama imuongezee muda. Baada ya hapo anatoa hesabu ya namna alivyokusanya na kugawa.

Hapa pana makosa mawili yanayorudiwa. La kwanza ni kudhani msimamizi ndiye mrithi. Msimamizi ni mtumishi wa warithi. Huenda hana fungu lolote, na akila mali hiyo anaweza kuondolewa na kushitakiwa. La pili ni mrithi kukaa kimya kwa kuwa hakuitwa kikaoni. Mjane aliyeachwa nje ya orodha, awe wa Wete au wa Nyamuswa, anaweza kwenda mahakamani kuweka pingamizi, au kuomba uteuzi ufutwe ikiwa umeshafanyika kwa kuficha warithi. Asiporidhika na uamuzi wa Mahakama ya Mwanzo, anazo siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya.

Sharia au mila: maisha ya marehemu ndiyo ushahidi

Suala linalotia wasiwasi zaidi ni hili: hakimu atatumia sheria gani? Bara kuna njia tatu za mirathi. Kuna sheria ya kiserikali, kuna mila, na kuna Sharia ya Kiislamu. Sheria inayoziongoza mahakama (Sura ya 358) haizizuii kutumia hukumu za Kiislamu katika ndoa, talaka, ulezi, mirathi na wakfu kwa watu wa jamii inayozifuata. Na mahakama za bara kwa miaka mingi zimekuwa zikiangalia namna marehemu alivyoishi na alichokikusudia. Katika shauri la mirathi ya Innocent Mbilinyi la 1969, ambalo mawakili hulitaja mpaka leo, Mahakama Kuu iliangalia maisha aliyoishi marehemu mbali na mila za kabila lake. Haikuangalia kabila lake peke yake.

Maana yake kwetu ni kubwa. Jina la Kiislamu peke yake halitoshi. Mtu aliyeswali na jamaa, aliyeoa kwa nikaha, aliyeandika wasia wa Kiislamu na kuwaambia watu kuwa anataka mali yake igawiwe kwa faraidhi, ameiachia mahakama ushahidi. Aliyeishi bila ya msikiti, akaoa kwa ng'ombe peke yake, asiandike chochote, amewaachia wengine nafasi ya kusema alikuwa mtu wa mila.

Na mila zikishika, mjane ndiye wa mwanzo kuumia. Tangazo la Sheria ya Mila la 1963, lililotungwa kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba, halimpi mjane fungu katika mali ya mumewe ikiwa marehemu ameacha watoto, na linamuweka mtoto wa kike katika daraja ya mwisho. Wajane wawili kutoka Shinyanga walilipinga mahakamani, na hatimaye Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa haki za wanawake iliamua mwaka 2015 kuwa Tanzania imevunja haki zao. Sisi Waislamu hatukuhitaji kusubiri kamati. Allah (S.W.) katika Suratun-Nisaa aya ya 12 amemtajia mjane fungu lake, na katika aya ya 19 akakataza wanawake kurithiwa kama mali. Mila ya ndugu kumrithi mjane wa ndugu yake haina nafasi kwetu, iwe Mara au mahali pengine popote.

Ng'ombe, mahari na mke wa siri

Turudi kwenye ndoa ya pili ya mtu wetu. Inawezekana alipeleka ng'ombe kwa wakwe, kwa kuwa bila ya ng'ombe wazee wasingemtoa binti. Kuwapa wakwe zawadi kwa kufuata ada si haramu ikiwa hakuna dhulma ndani yake. Lakini ng'ombe wa baba mkwe si mahari ya Sharia. Mahari ni haki ya mke mwenyewe, anaipokea yeye na anaitumia yeye. Mwanamme anaweza kuwa amepeleka ng'ombe kumi na bado anadaiwa mahari, na akifa bila ya kuilipa, ni deni linalotolewa katika mali kabla ya mrithi yeyote kugusa.

Kinyume chake pia hutokea. Mwanamme amefunga nikaha, ametoa mahari, lakini hakupeleka ng'ombe. Zipo familia zinazohesabu kuwa mtoto ni wa yule aliyetoa ng'ombe. Baba akishafariki, mtoto huvutwa kwa babu mzaa mama na kulelewa nje ya dini ya baba yake, kwa hoja kwamba hapakuwa na ndoa. Kinachomlinda mtoto huyo ni cheti cha ndoa na cheti cha kuzaliwa chenye jina la baba yake.

Sheria ya Ndoa ya 1971, inayotumika bara tu, inaitambua ndoa iliyofungwa kwa taratibu za Kiislamu na inaihesabu kuwa ni ndoa inayoruhusu mke zaidi ya mmoja. Inataka msajili apewe taarifa ya siku 21 kabla ya ndoa, itangazwe, na mke aliyepo ana haki ya kuweka pingamizi kwa sababu zilizotajwa, mojawapo ikiwa ni kuwa hali ya mume haitoshi kubeba nyumba mbili bila ya kuiletea ile ya mwanzo dhiki. Wapo wanaoiona sheria hiyo kuwa ni usumbufu. Sisi tunasema siri ndiyo usumbufu. Dini yetu imesisitiza nikaha itangazwe. Anayeificha ndoa ili kukwepa maneno ya nyumbani hamstahi mke wa kwanza. Anauahirisha mgogoro mpaka siku ya maziko, siku ambayo yeye hatokuwepo kueleza.

Tunajua kuwa mama aliyeko Wete anayesoma haya anaweza kuumia. Maumivu yake ni ya kweli na hatuyadharau. Lakini mtoto wa Nyamuswa hakumkosea, na fungu la mtoto huyo halikukatwa na mama yake wala na sisi.

Hesabu inaonesha dhulma ilipo

Tuhesabu. Tuseme baada ya gharama za maziko, madeni na wasia, mali halisi ya marehemu, ya kisiwani na ya bara pamoja, ni shilingi 48,000,000. Baba yake ameshatangulia, mama yu hai, wake wawili wote ni Waislamu, watoto ni wanaume wawili na mwanamke mmoja.

Wake wanapata thumni, yaani 6,000,000, na wanagawana sawasawa: 3,000,000 kila mmoja. Mama anapata sudusi, yaani 8,000,000. Zinabaki 34,000,000 za watoto, mwanamme mafungu mawili na mwanamke fungu moja. Kila mtoto wa kiume anapata 13,600,000 na binti anapata 6,800,000.

Sasa tuitazame ile orodha ya Wete isiyomtaja mke wa Nyamuswa wala mtoto wake. Hao wawili fungu lao kwa pamoja ni 16,600,000. Wakifutwa, fedha hizo zinaingia kwa wengine, nao wanakula mali ya yatima, jambo ambalo Suratun-Nisaa aya ya 10 imelifananisha na kuingiza moto tumboni. Na shemeji wa Nyamuswa akilifunga duka na kulichukua lote, anamdhulumu mama mzee, mjane wa Wete, na mayatima wengine wawili. Dhulma haibadiliki jina kwa kuvuka bahari.

Kumbukeni pia kuwa mjane akiwa na mimba, mimba hiyo inahesabiwa. Mgao usiharakishwe mpaka ijulikane.

Mke asiyekuwa Muislamu

Hapa tunapata masuala mengi, na jawabu lake linataka uwazi. Ndoa ya Muislamu na mwanamke wa Ahlul-Kitab ni sahihi ikitimiza masharti yake. Lakini kwa kauli ya jamhuri ya wanavyuoni, tafauti ya dini inazuia kurithiana. Mke aliyebaki Mkristo hapati thumni, hata kama ameishi na mumewe miaka thalathini na kumzalia watoto.

Je, aachwe mikono mitupu? Hasha. Sharia imemuachia mume milango ya kumtendea wema akiwa hai. Kwanza, mahari yake ni deni, anapewa. Pili, kwa kuwa si mrithi, mume anaweza kumuusia ndani ya theluthi ya mali yake. Tatu, anaweza kumpa zawadi na kumkabidhi kabisa katika uhai wake, kama vile kiwanja au nyumba, kwa maandishi na mashahidi. Nne, alichokichuma mwenyewe ni chake. Ikiwa aliingiza mtaji wake katika duka, sehemu hiyo si mirathi, itengwe kwanza.

Hili la nne linawahusu wake wote. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu la 1983, ilikubali kuwa kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Shauri hilo lilikuwa la talaka, na mahakama hazichoki kulirejea. Mume mwenye busara asingoje kulazimishwa. Aandike leo kipi ni chake, kipi ni cha mkewe, na kipi ni cha shirika.

Duka, kiwanja na daftari la madeni

Mali ya mfanyabiashara hupotea kwa kukosa maandishi kuliko kwa wizi. Aya ndefu kuliko zote katika Qur-ani, aya ya 282 ya Suratul-Baqarah, inahusu kuandikiana madeni na kuweka mashahidi. Hata hivyo wengi wetu tuna shirika la mtaji na mtu wa Bunda kwa maneno ya mdomo, mizigo ya mkopo kutoka Mwanza bila ya risiti, na daftari la madeni linaloeleweka na mtu mmoja tu. Akifa huyo, daftari linakuwa maiti ya pili.

Jina la biashara bara husajiliwa BRELA, na Zanzibar husajiliwa BPRA. Usajili wa huku haumlindi mtu kule. Shirika liwe na mkataba unaotaja mtaji wa kila mmoja, faida inavyogawiwa na itakuwaje mmoja akifariki. Fedha zilizomo katika simu ni mali ya mirathi kama zilizomo benki. Kuzitoa kwa namba ya siri ya marehemu kabla ya mgao ni kuchukua mali ya warithi, hata kama nia ni nzuri.

Kiwanja nacho kina yake. Ardhi ya kijiji bara inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999. Halmashauri ya kijiji ndiyo inayotoa hakimiliki ya kimila, na haki hiyo inarithiwa. Karatasi ya kuuziana baina ya watu wawili, bila ya kijiji kujua, ni msingi dhaifu wa nyumba ya watoto. Sheria hiyo hiyo inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mwenye ulemavu haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Basi shemeji akimwambia mjane kuwa mwanamke hamiliki ardhi hapa, huo si msimamo wa sheria ya nchi wala wa dini.

Yafanyike nini

Kwa mume aliye hai: sajili ndoa zako na watoto wako wote. Waambie watu wako wa kisiwani na wa bara kila mmoja kuhusu mwengine, hata kama maneno yatakuwa mazito kwa siku chache. Andika wasia mbele ya mashahidi waadilifu: useme wewe ni Muislamu, unataka mali yako igawiwe kwa Sharia, madeni unayodai na unayodaiwa ni haya, mali iko hapa na hapa. Wasia huo usimuongezee mrithi juu ya fungu lake, na kwa wasiokuwa warithi usizidi theluthi. Weka nakala mbili, moja Nyamuswa na moja Wete.

Kwa familia ya kisiwani: mkipata khabari ya msiba, tumeni watu wawili wenye hekima, wasiende kubeba mali bali kuhesabu mali pamoja na wenyeji. Mjane wa bara asitolewe nyumbani. Edda yake ni miezi minne na siku kumi, na mwenye mimba mpaka ajifungue. Muda huo unakaribiana na ile miezi minne ambayo msimamizi amepewa na mahakama kuandika orodha ya mali. Utumieni kwa kazi hiyo, mjane akiwa katika nyumba yake na duka likiwa chini ya hesabu ya watu wa pande zote mbili.

Kwa mjane, awe wa huku au wa huko: usitie saini wala dole gumba kwenye karatasi usiyosomewa. Usiposomeshwa sheria, omba msaada. Bara ina Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 na Zanzibar ina yake ya 2018. Wapo wasaidizi wa kisheria wasiotoza fedha, na tangu 2023 Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia imekuwa ikizunguka mikoani kusikiliza kesi za mirathi, ardhi na ndoa bila ya malipo.

Kwa masheikh na maimamu wetu walioko Bunda, Musoma na vijijini: mnapofunga nikaha, hakikisheni cheti kinatoka na mahari yameandikwa yaliyotolewa na yaliyobaki. Mnapogawa mirathi, iandikeni hesabu, waitie saini warithi, kisha mumpeleke msimamizi mahakamani na hesabu hiyo mkononi. Hakimu wa Mahakama ya Mwanzo anayeletewa mafungu yaliyoandaliwa vizuri, na warithi waliokubaliana, hana sababu ya kutafuta njia nyengine.

Na sisi wa visiwani tuache kusema kwamba bara hakuna Sharia. Mahakama hiyo, pamoja na upungufu wake, imeachiwa mlango wa kuhukumu mirathi yetu kwa Uislamu. Mara nyingi aliyeufunga mlango ni marehemu mwenyewe kwa ukimya wake, au ni ndugu zake kwa orodha fupi.

Mwenye suala mahsusi la familia yake aende kwa Kadhi au mwanachuoni anayemuamini pamoja na mtu wa sheria, akiwa na vyeti vyake, kwani mafungu hubadilika kwa kubadilika warithi. Tunamuomba Allah (S.W.) awarehemu waliofia mbali na kwao, awalinde mayatima wao wa pande zote mbili za bahari, na atujaalie tuwe wenye kutoa haki kabla ya kudaiwa. Amin.

Wallahu a'lam.